Watoto wa Lamu mbele ya injini ya mvuke: waanzie wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Sita hapa Lamu. Shule imepata fedha za safari moja ya mbali mwaka huu, nami nimependekeza tuwapeleke watoto kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Wazazi kadhaa wanapinga. Wanasema Lamu haina reli, na watoto watakwenda mwendo wote huo kutazama vyuma vichakavu; wengine wanasema bora Fort Jesus, ngome ya Mombasa. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilipita pale mara moja, nikazunguka nusu saa, nikasoma vibao, nikatoka bila kujua nimeona nini. Nilikosa nini? Na nifanye nini ili watoto thelathini wasitoke kama nilivyotoka mimi?

Jibu:

Mwalimu, salamu nyingi kutoka Malindi. Nimelisoma swali lako mara mbili, nikafurahi, maana ni nadra mtu kusema waziwazi kwamba aliingia makumbusho akatoka mikono mitupu.

Nianze na hiyo nusu saa yako, kwani mle ndani ndimo jibu lilimo. Ulifanya kama wafanyavyo wageni wengi: ukapita injini baada ya injini, ukasoma kibao, ukasogea. Injini ya mvuke iliyozimwa haisemi na mpita njia. Ni kama jahazi lililopandishwa pwani, tanga limetolewa, foromali imeshushwa. Asiyeijua bahari ataona mbao na misumari. Mtoto wa Lamu akilitazama jahazi lilo hilo ataona upepo ulikuwa ukishika wapi na nahodha alikuwa akikaa wapi. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja: chagueni injini moja tu, mkae nayo saa nzima, mfuate maji yake tangu yanapoingia kwenye tangi hadi yanapotoka angani. Zilizobaki mzione kwa kupita.

Nasema haya kwa kuwa niliwahi kukosea. Niliingia karakana za reli Nairobi mwaka 1973 kama mwanagenzi, na kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa boila na mabomba yake. Baada ya kustaafu niliombwa niwatembeze wanafunzi wa shule moja pale makumbusho. Nikawapanga mbele ya injini juani, nikawasomea miaka: reli ilianza lini, ilifika wapi, nani alikuwa gavana. Baada ya robo saa macho yao yalikuwa yamekwenda kwa muuza maji aliyekuwa nje ya ua. Mtoto mmoja wa kike akaniuliza, "Babu, na hii maji yake yalikuwa wapi?" Nikamwonyesha tangi. Akauliza, "Kisha yakaenda wapi?" Tukaenda naye, wenzake wakatufuata, na tangu siku ile sijawatembeza watoto kwa njia nyingine.

Kazi ianze darasani, siku mbili tatu kabla ya safari, na chombo chako ni birika. Liweke jikoni, lichemke sana, kisha uwaambie watoto watazame mdomo wake kwa mbali kidogo, bila kuugusa. Watakuambia wanaona mvuke. Waambie watazame tena. Pale mdomoni kabisa, upana wa kidole kimoja au viwili, hapaonekani kitu; weupe unaanza mbele yake. Ule mwanya mtupu ndio mvuke wenyewe. Weupe ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa. Mvuke halisi hauonekani, na ndiyo sababu sisi karakanani tulikuwa hatupitishi mkono karibu na bomba lenye ufa hata kama hatuoni chochote. Mtoto akilishika hilo, atakapoona picha ya injini imejifunika mawingu meupe atajua kwamba anaona mvuke uliokwisha kufanya kazi.

Kisha wafunulie birika ndani. Kwenu Lamu maji mengi ni ya visima na ya michanga ya Shela, na birika la mwaka mmoja lina ganda jeupe gumu. Likwanguwe kwa kijiko, mtoto alishike mkononi. Ganda hilo hilo lilikuwa adui yetu mkubwa kazini. Likijijenga juu ya chuma cha boila, joto la moto halifiki kwenye maji, chuma chenyewe ndicho kinachoungua. Ndiyo maana kila boila ilikuwa na siku yake ya kufunguliwa na kuoshwa, na ndiyo maana maji ya kunyweshea injini yalichaguliwa na kutiwa dawa. Na ukitaka kuwapa swali la kulala nalo: kwa nini garimoshi lililotoka Mombasa, kando ya bahari yote ile, halikunyweshwa maji ya bahari? Watoto wa kisiwani watalijibu kabla hujafika mwisho wa sentensi.

Sasa tufike Nairobi. Makumbusho yenyewe si makubwa. Yalifunguliwa mwaka 1971, enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, na yako mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu ya mjini. Kuna ukumbi wa vitu vidogo, picha, vyombo vya mezani na vya stesheni. Na nje kuna ua wenye reli ambako injini na mabehewa yamesimama. Ukumbini msikae sana mwanzoni. Watoto wakiingia na kuona kwa mbali ule mwili mweusi uani, hawatasikiliza kitu kingine, na wana haki. Wapeleke uani kwanza. Tena iwe asubuhi, saa tatu au saa nne, kabla jua halijapanda, kwa sababu chuma cheusi kikipigwa na jua la mchana kinaunguza kiganja.

Injini ninayokuchagulia ni namba 5918, iitwayo Mount Gelai. Ni ya daraja la 59. Injini za daraja hili zilikuwa 34, zikaundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai ni mlima wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Wakati ule reli ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilikuwa chini ya shirika moja, na mlima wa Tanganyika kuandikwa ubavuni mwa injini inayopanda kutoka Mombasa hakukumshangaza mtu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mali ya reli ikagawanywa, na Gelai akabaki Nairobi.

Usiwaambie watoto kwamba ina uzito wa tani 252. Namba hiyo haiingii kichwani mwa mtoto wa miaka kumi na miwili, wala mwangu haikuingia upesi. Waambie wahesabu magurudumu, upande mmoja tu, wakitembea polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Watapata madogo mawili, makubwa manne, dogo moja, halafu nafasi, halafu dogo moja, makubwa manne, madogo mawili. Kumi na manne upande huu, kumi na manne upande wa pili. Kisha uliza: kwa nini makubwa yamefungwa pamoja kwa mkono wa chuma, na madogo yako huru? Waache wabishane. Makubwa ndiyo yanayosukuma, nayo lazima yaende kwa mguu mmoja. Madogo kazi yake ni kubeba uzito na kuiongoza injini kwenye kona.

Na kwa nini pana nafasi katikati? Hapo ndipo akili ya mashine hii ilipo. Aina hii huitwa Garratt, kwa jina la Mwingereza aliyeibuni, Herbert Garratt. Kwa hakika hapo pana injini mbili, moja mbele na moja nyuma, na boila moja nene imetundikwa katikati yao. Watoto wako wanalijua jambo hili bila kulijua. Si wamewaona mahamali wawili wakipita kichochoroni na pipa limening'inizwa kwenye mti, mmoja mbele na mwenzake nyuma? Wakifika pembeni, wa mbele anakata kona kwanza, mzigo unafuata, kisha wa nyuma naye anakata. Mtu mmoja akibeba mti mrefu peke yake atakwama ukutani. Reli yetu ya zamani ilikuwa nyembamba, yenye kona nyingi, na haikuweza kubeba uzito mkubwa ulioegemea mahali pamoja. Ukiugawa uzito kwa mahamali wawili, reli inaustahimili, kona zinapitika, na dereva ni mmoja. Njia ile ilikuwa ikipanda kutoka usawa wa bahari pale Mombasa hadi mita 1,660 hivi Nairobi. Injini hizi ziliundwa kwa ajili ya mzigo wa mlima ule, na hapakuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda katika reli zote za upana wa mita moja duniani.

Sasa muyafuate maji. Tangi liko mbele, na jingine nyuma pamoja na tangi la mafuta, kwani injini hizi zilichoma mafuta mazito, hazikuchoma makaa. Maji yanasukumwa kuingia kwenye boila. Nyuma ya boila pana tanuri la moto, na ndani ya boila pana mabomba mengi membamba yanayopitisha joto na moshi kutoka tanurini kwenda mbele. Maji yamezunguka mabomba hayo kila upande. Kwa hiyo moto uko ndani ya maji, umefunikwa nayo, tofauti na birika ambalo moto uko chini yake. Likumbuke hilo, watakuuliza.

Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Umeyafungia kwenye chuma, hayana pa kwenda. Boila ya 59 ilikuwa na msukumo wa paundi 225 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo hujazwa kama paundi 30. Dereva anapovuta wenzo wake, mvuke unapata mlango, unakimbilia silinda na kuisukuma pistoni. Pistoni ikifika mwisho, mlango wa upande wa pili unafunguka, mvuke mpya unairudisha. Nenda, rudi, nenda, rudi, na mkono wa chuma unaugeuza mwendo huo kuwa wa mduara.

Hapa simameni. Mvuke uliokwisha kuisukuma pistoni unakwenda wapi? Mtu anaweza kufikiri unatupwa tu. Hapana. Unapelekwa chini ya dohani na kurushwa juu kwa kasi, na ukipanda unavuta moshi nyuma yake, na moshi ukivutwa, hewa mpya inaingia tanurini na moto unawaka zaidi. Ina maana injini inajipulizia moto wake yenyewe. Ikipanda mlima inatumia mvuke mwingi, mvuke mwingi unavuta hewa nyingi, moto unakua, mvuke mwingine unapatikana. Ikiwa kwenye mteremko na kazi ni ndogo, moto nao unatulia. Hakuna kompyuta pale, hakuna umeme wa kuamua. Nimekaa na mashine hizi nusu ya umri wangu, na jambo hili moja bado linanifanya nisimame kando ya dohani na kutazama juu.

Na ile sauti ya garimoshi ambayo kila mtoto anaiigiza ndiyo hiyo: ni mpigo wa mvuke ukitoka dohani. Injini ya kawaida ya silinda mbili hupiga mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Garratt ina silinda nne, seti mbili, na seti hizo hazikufungwa pamoja. Kwa hiyo kuna wakati mipigo ya mbele na ya nyuma inaangukia mahali pamoja, inasikika kama injini moja yenye kifua kikubwa. Halafu taratibu inaachana, inakuwa kama ngoma mbili zinazojibizana, kisha inakutana tena. Usiku, nikiwa nimelala upande wa Makadara, nilikuwa naijua 59 kwa kusikia tu kabla haijatokeza. Wagawe watoto makundi mawili palepale kando ya magurudumu. Kundi moja lipige makofi manne, la pili lipige manne kwa mwendo wa polepole kidogo, wote bila kusimama. Watasikia wakikutana na kuachana. Waliozoea vijiti vya ngoma ya kirumbizi hawatahitaji kufunzwa.

Ukipata ruhusa ya kupanda kwenye chumba cha dereva, na uiombe mapema, wapande wachache wachache. Humo kuna mikono ya chuma mingi na geji nyingi, na mtoto atataka kuvuta kila kitu. Mwonyeshe vitu viwili tu. Cha kwanza ni ule wenzo wa mvuke. Autazame karibu: sehemu nyingine ni nyeusi na ina kutu, lakini mahali mkono wa dereva ulipokuwa ukishika chuma kimelainika, kingo zake zimekwisha. Viganja vya watu vimefanya hivyo, mwaka baada ya mwaka. Mtoto aweke chake pale.

Cha pili ni geji ya maji. Ni kitu kidogo, bomba la kioo lililosimama wima, na maji yalikuwa yakionekana ndani yake yakicheza juu na chini. Madereva wa zamani walilitazama bomba hilo kuliko walivyotazama njia. Maji yakipungua hadi dari ya tanuri ikaachwa wazi juu ya moto, chuma kinalegea, na boila yenye msukumo ule inaweza kupasuka na kuua kila aliye karibu. Kwa ajili hiyo, kwenye dari ya tanuri kuna kizibo chenye risasi ndani, yaani ile metali laini, si ya bunduki. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Maadamu maji yako juu yake, hayapiti nyuzi 200 na kidogo, kizibo ni salama. Maji yakikosekana, kinayeyuka, mvuke unapiga kelele kuingia tanurini, na kila mtu anajua. Siku dereva alipoleta injini karakanani na kizibo kimeyeyuka, hapakuwa na aliyezungumza kwa sauti. Tuliingia kazini kimya, mkubwa wetu akamwita pembeni, na mwenzetu yule hakurudi barabarani kwa muda mrefu.

Baada ya hapo wapumzike, wanywe maji, wale. Usiwapeleke kwenye injini ya pili moja kwa moja. Ukiona bado wana hamu, ipo namba 3020, Nyaturu, iliyopewa jina la watu wa Singida. Nyaturu ni injini moja ya kawaida, si Garratt. Wao wenyewe watakuonyesha tofauti, na hapo utajua kama saa yako imezaa.

Lipo behewa namba 12, nalo lina habari nzito. Juni 1900, pale Kima, simba alikuwa akiua watu stesheni. Mkuu wa polisi wa reli, Charles Ryall, akaegesha behewa lake pembeni ya njia pamoja na wenzake wawili ili wamvizie. Ilipokuwa zamu yake kukesha akasinzia, simba akaingia mlangoni, akamtoa kwa dirishani. Watoto wataipenda habari hii kupita zote, na hilo ndilo linalonipa wasiwasi. Wasimulie, ila usiwaache waondoke wakidhani simba ndio waliomaliza wajenzi wa reli. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Wengi sana waliuawa na maradhi: malaria, kuhara, vidonda vilivyooza. Katika nyika ya Taru hapakuwa na maji, ikabidi maji yenyewe yabebwe kwa treni kuwafuata waliokuwa wakilaza mataruma mbele. Yale maji mliyoyafuata kwenye Mount Gelai asubuhi, watu walikuwa wakigawiwa kwa kipimo ili njia ipite. Simulia hilo mkiwa mmesimama kando ya behewa, kabla ya simba.

Nije kwa wazazi. Wanasema Lamu haina reli, na ni kweli. Lakini reli hiyo isiyofika Lamu imeigusa Lamu kuliko wanavyodhani. Kabla yake bandari za pwani hii zilikuwa zikishindana: Lamu, Malindi, Mombasa, kila moja na majahazi yake na bara lake. Mwaka 1896 ujenzi ukaanzia Mombasa. Mwaka 1899 njia ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi, na Desemba 1901 ikafika ziwani, Kisumu ya leo, mwendo wa kilomita 930 hivi. Mzigo uliokuwa ukibebwa vichwani na wapagazi kwa miezi sasa ulishuka pwani kwa siku chache, na ulishukia mahali pamoja. Meli kubwa zikaenda ulipo mzigo, ofisi za serikali na wafanyabiashara wakafuata. Si reli peke yake iliyoipunguza Lamu. Kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1907 kulibadilisha mashamba yote ya upande wa bara. Hata hivyo mtoto anayeuliza kwa nini mji wake umebaki na vichochoro vyake na punda wake, mji uliokuja kuingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, sehemu ya jibu lake imesimama juu ya magurudumu 28 kule Nairobi.

Na wazazi hao hao walikuwepo Machi 2012, marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia walipokuja Lamu kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari mpya, barabara na reli. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021. Reli iliyo kwenye mpango huo, ya kutoka Lamu kupitia Isiolo kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, haijajengwa. Watoto wa darasa lako watakuwa watu wazima ikija au isipokuja, na watakaoulizwa kuhusu ardhi, maji na kazi ni wao. Ningependa wawe wameona kwa macho yao njia ya kwanza ilikula nini na ilileta nini.

Kuhusu waliosema bora Fort Jesus: mtapita Mombasa, iangalieni jioni. Lakini ngome mnayo kwenu, tena katikati ya mji.

Safari yenyewe muitumie. Mashua hadi Mokowe, basi kupitia Witu, Garsen na hapa kwetu Malindi, mlale Mombasa. Asubuhi mpande treni ya SGR, ile reli mpya, kutoka Miritini. Ya haraka hutumia kama saa tano. Waweke watoto dirishani na uwaambie waitafute reli ya zamani, nyembamba, inayoonekana hapa na kupotea pale, hasa mkiingia Tsavo. Mkishuka stesheni ya SGR ya Nairobi kule Syokimau msichukue matatu. Ipo treni ya abiria inayowaunganisha hadi stesheni kuu ya mjini, nayo inapita juu ya reli ya zamani. Hivyo watoto watakuwa wamepanda njia zote mbili siku moja, na watazisikia tofauti kwa mgongo: ile mpya imetulia, ile ya zamani inawatikisa. Uliza ratiba za siku yenu kabla ya kukata tikiti, na piga simu makumbusho wiki moja mbele kuwaeleza kwamba mnakuja watoto thelathini na mnataka kupanda injini.

Mkate kamba mbili kabla ya kuondoka Lamu. Moja iwe na urefu wa milimita 1,000 kamili, ya pili 1,435. Ya kwanza waipime wenyewe pale uani, kutoka uso wa ndani wa reli hadi uso wa ndani wa mwenzake, itakaa sawasawa. Ya pili ni upana wa SGR. Wailaze juu ya ile ya kwanza waone inavyozidi, wajue kwa nini treni ya leo haiwezi kupita juu ya njia ya jana. Kila mtoto achore kitu kimoja tu alichokiona karibu: gurudumu, geji, namba ya shaba. Thelathini hao wakichora injini nzima utapata masanduku thelathini yenye moshi.

Basi lenu litasimama Malindi, husimama kila siku. Nijulishe tarehe. Ninacho kioo cha geji kilichotolewa kwenye injini siku nilipokuwa nikibadilisha kipya, kirefu kama mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi kiganja, na ndani yake bado kuna mstari mweupe mahali maji yalipokuwa yakisimama. Nitakuja nacho stendi nimekifunga kwenye kitambaa. Wakishike wakienda, waende nacho hadi Nairobi wakakifananishe na kile cha Mount Gelai, na mkirudi mnirudishie.